Hilux ya petroli inazima asubuhi injini ikiwa ya baridi, ikipata moto inatulia (Kigoma)

MgebukaMkavu

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na Hilux za petroli, hasa zenye injini ya 3RZ, ile ya CC 2,700 yenye EFI (mafuta yanapimwa kwa umeme, haina kabureta).

Gari nabebea dagaa na migebuka kutoka Kibirizi kupeleka Kasulu, kwa hiyo lazima niondoke alfajiri. Shida ndiyo inaanzia hapo. Nikipiga stata inawaka vizuri tu, inanguruma kidogo, halafu sailensi (mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) inashuka, gari inatetemeka, inazima. Nikiwasha tena lazima nikanyagie mafuta. Nikiachia tu, kwisha. Nikitia gia na kuachia klachi inazima hata kabla ya tairi kuzunguka. Lakini ikishanguruma kwa muda na mshale wa joto ukainuka, inakuwa gari nyingine kabisa: inapanda kutoka ziwani hadi Mwandiga na mzigo wake bila kulalamika. Mchana nikizima na kuwasha, haina neno.

Gereji ya kwanza walisema plagi, zikabadilishwa. Wakasema pampu ya mafuta, nayo ikabadilishwa. Hali ile ile. Gereji ya pili wakapima kwa mashine, wakasema haioni kosa, na kweli taa ya injini kwenye dashibodi haiwaki. Sasa wananiambia ninunue kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, iliyotumika. Hela yake ni ya kuumiza, ndiyo maana nimekuja hapa kwanza.

KijanaUjiji

Pole mkuu. Mafuta unanunua wapi? Kama kuna siku unajaza kwa madumu huko njiani, anzia hapo. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inasumbua sana injini ikiwa ya baridi, kwa sababu mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi. Injini ikishapata moto yanageuka, gari inakwenda. Ni kweli tangu EWURA, wasimamizi wa nishati, waanze kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa) mwaka 2010 na kodi ya mafuta ya taa ipandishwe 2011 mchezo ule umepungua, lakini kidumu cha kando ya barabara hakina anayekukagua.

MgebukaMkavu

Najaza kituoni hapa mjini, mkuu, na nimeshabadilisha vituo kusudi nione. Hakuna tofauti.

DerevaManyovu

Kabla ya mengine yote, kaka, usiipeleke hiyo gari barabarani ikiwa bado ya baridi. Mimi napita njia ya Manyovu, ile miteremko naijua. Injini ikizima ukiwa unashuka, pawa ya usukani inaondoka na servo ya breki inabakiwa na upepo wa kukanyaga mara moja mbili tu, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Ukiwa na tani ya samaki nyuma hapo ni hatari kwako na kwa watu wa bodaboda walio mbele yako. Iache ingurume mahali pa wazi mpaka itulie ndipo uondoke. Wala usiingurumishe ndani ya banda lililofungwa, ule moshi unaua.

FundiIsevya

Mwangaluka wadau. Niko Tabora, nafanya kazi ya injini na umeme wa magari. Mleta uzi, tulia kwanza, hiyo kontrol boksi usiinunue. Boksi huwa ni kitu cha mwisho kabisa kushukiwa, na ukitia iliyotumika unaweza kujiongezea ugonjwa mwingine juu ya huo.

Nataka wote tuelewane jambo moja kwanza. Watu wanasikia "baridi" wanafikiria hali ya hewa, wanasema Kigoma ni joto, haiwezekani. Injini haijali hilo. Injini hii inafanya kazi ikiwa kwenye nyuzi 80 hadi 90 na kitu. Ukiiacha usiku kucha inashuka mpaka joto la hewa, sema nyuzi 22. Kwake hizo ni baridi kali. Sisi huku Tabora tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari na mwezi wa sita na wa saba asubuhi tunavaa masweta, kwa hiyo matatizo ya aina hii tunayaona mapema. Lakini hata Ujiji kwenye joto lake, injini iliyolala ni injini ya baridi.

Injini ikiwa hivyo inahitaji vitu viwili: mafuta mengi kuliko kawaida, maana petroli nyingine inanata kwenye kuta za manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini) badala ya kugeuka mvuke, na hewa ya ziada ili sailensi ipande juu, kwa sababu oili bado nzito. Gari zima la EFI asubuhi linawaka likiwa kwenye RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 1,200 mpaka 1,500, halafu lenyewe linashuka polepole hadi 700 hivi likipata moto. Kwa hiyo nijibu:

Asubuhi ukiwasha, mshale wa RPM unapanda mpaka wapi? Na ukishika mafuta kidogo injini ikafika 1,500, inakwenda laini au bado inamisi? Ukinijibu hayo mawili nitajua tunaelekea wapi.

MgebukaMkavu

Fundi nimeangalia leo alfajiri. Haipandi kabisa. Inawaka ikiwa kwenye 700, inashuka 500, inazima. Hata siku moja sijaiona 1,200. Nikishika mafuta ikafika 1,500 haimisi sana, ila ni nzito, nikikanyaga ghafla inakwama kama inataka kuzima halafu ndiyo inaitika.

FundiIsevya

Vizuri sana, hayo ndiyo maelezo. Ingekuwa koili au waya za plagi ingemisi hata kwenye 1,500. Ingekuwa pampu ungeisikia kwenye kilima na mzigo, siyo kwenye sailensi tu. Hii gari asubuhi haijui kama ni ya baridi, au inajua lakini haiwezi kujipandisha. Ukikanyaga ghafla inakwama: hiyo ni njaa ya mafuta, na inanisukuma zaidi upande wa kwanza.

Anayeiambia kontrol boksi joto la injini ni sensa ya joto la maji. Ina waya mbili. Usiichanganye na ile ya waya mmoja. Kwenye injini hizi ziko mbili: ya waya mmoja inapeleka mshale wa dashibodi, ya waya mbili inapeleka kwenye boksi. Ndiyo maana mshale wako unaweza kusoma sawasawa huku boksi inadanganywa.

Sasa kwa nini mashine haikuona kosa? Boksi inawasha taa pale tu waya unapokatika au kupiga shoti, yaani ikipata kipimo kisichowezekana. Sensa ikisema nyuzi 80 asubuhi saa kumi na moja, kwa boksi hicho ni kipimo halali, inakiamini. Inaipa injini mafuta ya injini ya moto. Aliyekupimia alisoma namba za makosa tu, akafunga. Alitakiwa afungue ukurasa wa vipimo vinavyotembea na kuangalia joto la maji na joto la hewa inayoingia, kabla ya kuwasha, gari ikiwa imelala usiku mzima. Namba hizo mbili zinatakiwa zikaribiane sana. Moja ikisema 24 na nyingine 78, umemaliza.

Kama huna mashine karibu, tafuta multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Gari iwe imelala. Chomoa soketi ya sensa, weka multimita kwenye ohm, gusa pini mbili za sensa yenyewe (siyo za soketi). Kwenye nyuzi 20 hivi inatakiwa isome kilo-ohm 2 hadi 3. Injini ikiwa ya moto, nyuzi 80, ishuke mpaka ohm 200 hadi 400. Lete majibu.

KijanaUjiji

Fundi, nilishaona mafundi wanachomoa soketi ya hiyo sensa gari ikiwa inanguruma, wakiona hakuna mabadiliko wanasema sensa nzima. Ni sahihi?

FundiIsevya

Si sahihi, na kipimo hicho kimewapoteza wengi. Ukichomoa, boksi inakosa taarifa, inaamua yenyewe kuchukulia kwamba maji yana nyuzi 80 ili gari iweze kutembea, na inawasha taa. Sasa kama sensa mbovu nayo ilikuwa inasema 80, utaona tofauti gani? Hakuna. Ndiyo wanasema nzima.

Kipimo kizuri cha bei ya chini ni hiki. Nenda kwa fundi redio, mwambie akupe rezista ya kilo-ohm 2.2. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele chenye miguu miwili ya waya. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, chomoa soketi ya sensa, ingiza miguu ya rezista kwenye matundu mawili ya soketi inayokwenda kwenye boksi, halafu washa. Boksi itadhani injini ina nyuzi 20 na kitu, ambao ndio ukweli wenyewe. Gari ikiwaka ikapanda 1,300 ikatulia, sensa ina hatia. Ikibaki vilevile, sensa mwachie, tunahamia kwenye vali ya sailensi. Lakini usitembee nayo. Injini ikipata moto boksi itaendelea kumwaga mafuta ya baridi, utaharibu plagi na utakula petroli bure.

DerevaManyovu

Hiyo ya rezista sijawahi kuisikia. Na kama sensa ni nzima, vali ya sailensi inapimwaje?

FundiIsevya

Vali ya sailensi kazi yake ni kupitisha hewa pembeni ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) wakati mguu wako hauko kwenye mafuta. Adui yake mkubwa ni masizi. Toa bomba la hewa linaloingia kwenye throto, sukuma kile kisahani kwa kidole: kama nyuma yake kuna pete nyeusi inayonata kama lami, ujue na tundu la vali liko hivyo hivyo. Inasafishwa kwa dawa ya kusafishia kabureta na brashi laini, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Usikwangue kwa bisibisi, na usilazimishe kuzungusha kile kinachozunguka ndani ya vali.

Kitu kingine ni upepo unaoingia pasipotakiwa: mpira wa vakyumu uliopasuka au gasketi ya manifoldi. Injini ikiwa ya baridi vyuma vimejikunja na nafasi inabaki, ikipata moto vinatanuka na kuziba, dalili zinafanana kabisa na hizi. Nyunyizia maji yenye sabuni kwenye maungio huku injini inanguruma. Ukisikia mlio umebadilika au sailensi imeyumba, umepata. Wapo wanaonyunyizia petroli kutafuta uvujaji. Tafadhali msifanye hivyo, gari imewaka moto mbele ya macho yangu.

MgebukaMkavu

Wakuu nimerudi na majibu. Nimeazima multimita, gari ikiwa imelala tangu jana jioni. Sensa ya waya mbili ilikuwa imejificha chini ya mpira wa maji, soketi yake ina ukijani wa kutu. Kipimo: ohm 340. Injini ya baridi, bodi ina umande.

Nikaenda kwa fundi redio pale Mwanga, akanipa rezista, hakutaka hata hela. Alfajiri nikaiweka kama fundi alivyoelekeza. Nimepiga stata mara moja, mshale ukaenda moja kwa moja 1,400 ukakaa hapo. Haikutetemeka. Kijana wangu wa mzigo akauliza kama nimebadilisha injini.

FundiIsevya

Ohm 340 asubuhi ni sawa na kuiambia boksi kwamba injini imetoka safari. Nunua sensa. Ukienda dukani nenda na multimita, ipime hapo hapo kabla ya kulipa: joto la hewa lipo kati ya nyuzi 20 na 30, kwa hiyo isome karibu na kilo-ohm 2, ipungue kidogo kukiwa na joto. Ishike kwenye kiganja, namba inatakiwa ianze kushuka taratibu. Isiposogea, iache. Na ile soketi yenye kutu isafishe au ubadilishe, maana sensa mpya kwenye soketi mbovu itakurudisha hapa hapa. Wakati wa kuifungua maji yatamwagika kidogo, kwa hiyo fungua injini ikiwa imepoa.

Swali la mwisho. Ulisema gari inachukua muda mpaka mshale uinuke. Themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ipo?

MgebukaMkavu

Haipo fundi. Niliinunua hivyo, niliambiwa aliyekuwa nayo aliitoa ili isichemshe.

DerevaManyovu

Hapo fundi tutatofautiana. Mimi yangu nimeitoa miaka mingi na haichemshi. Kwa vilima vyetu hivi na mizigo hii, themostati ikikwama umekufa na injini.

FundiIsevya

Kaka, naelewa hofu yako, na kweli themostati iliyokwama imefunga inaua injini. Lakini dawa yake ni kuweka nzima. Bila themostati maji yanazunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, injini haifiki joto lake upesi, na kwenye mteremko mrefu inapoa tena. Muda wote huo boksi inamwaga mafuta ya ziada, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinalika. Halafu injini zenye njia ya pembeni ya maji, themostati ikifunguka ndiyo inayoifunga njia hiyo. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kwa hiyo kwenye kilima kirefu na mzigo unaweza kuchemsha kwa sababu ya kuitoa. Gari inayochemsha ina rejeta iliyoziba, feni isiyoshika, mfuniko mbovu au gasketi ya hedi. Hayo ndiyo ya kutibu.

Kuipima ni rahisi. Iweke kwenye sufuria ya maji jikoni, ining'inize kwa uzi isiguse chini. Nyingi zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kwa hiyo maji yakitoa moshi na vipovu vidogo, kabla hayajachemka, utaiona sahani inaachia na kushuka taratibu. Ukiitoa kwenye maji ikipoa inafunga. Ikifanya hivyo ni nzima. Ukiifunga kwenye gari, kile kipini kidogo cha kutoa hewa kikae upande wa juu, ujaze kulanti, utoe upepo wote.

DerevaManyovu

Hiyo ya kunywa mafuta ni kweli, yangu inakunywa kuliko za wenzangu. Nitaipima.

MamaMawese

Wanangu nisameheni naingilia. Mimi nina pikapu ya dizeli, injini 3L, inabeba mawese. Nayo asubuhi inawaka, sekunde chache inazima, halafu kuiwasha tena ni kupiga stata mpaka betri inalia. Na mimi nitafute hiyo sensa?

FundiIsevya

Hapana mama yangu, ugonjwa wako ni mwingine. 3L haina boksi la kusimamia mafuta, pampu yake ni ya kimakanika. Dizeli ikiwaka vizuri kisha ikazima, na baadaye ikataka stata ndefu, mara nyingi ni upepo kwenye njia ya mafuta. Usiku dizeli inarudi tangini taratibu kupitia sehemu inayovuta hewa. Ile inayobaki ndani ya pampu inatosha kuiwasha na kuingurumisha hizo sekunde chache, ikiisha unakuja upepo, inazima.

Mwambie dereva wako kesho asubuhi, kabla hajagusa ufunguo, apige ile pampu ya mkono juu ya filta ya dizeli mpaka iwe ngumu. Halafu awashe. Ikiwaka na isizime, jibu umelipata: kuna mahali panavuta hewa. Atazame pampu ya mkono yenyewe, ile raba yake ya ndani huwa inachoka na kulowa dizeli, kisha klipu za mipira, oringi ya filta, na mipira midogo ya ritani juu ya nozeli. Afunge kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, ataviona vipovu vikipita kwa macho yake.

MamaMawese

Na ikitoa moshi mweupe?

FundiIsevya

Moshi mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi, injini ikitetemeka kwa silinda moja au mbili, hapo ni plagi za hita. Atoe kile kibati kinachoziunganisha, achukue taa ya kupimia, upande mmoja kwenye chanya ya betri, upande mwingine aguse kichwa cha kila plagi. Taa ikiwaka hiyo plagi ina uhai, isipowaka imekufa. Wasikuuzie zote nne kabla ya kuzipima. Zikiwa nzima zote, apime kama umeme unafika kwenye kibati ufunguo ukiwa umewashwa, maana rilei nayo hufa.

MamaMawese

Asante sana mwanangu. Pampu ya mkono tumeipiga leo, imewaka na haikuzima. Kijana ameona pale chini yake panalowa dizeli.

FundiIsevya

Ndipo hapo, mama. Badilisha hiyo pampu ya mkono, usihangaike na nozeli.

MgebukaMkavu

Wakuu, mrejesho. Sensa nimepata, niliipima dukani kama fundi alivyosema. Ya kwanza niliyopewa haikusogea hata nilipoishika kiganjani, nikairudisha, ya pili ikashuka vizuri. Soketi imebadilishwa. Themostati imewekwa, niliichemsha jikoni kwanza nikaona inafunguka. Throto ilikuwa na ile pete nyeusi, imesafishwa.

Asubuhi inawaka kwenye 1,300, inashuka yenyewe, nikifika njia panda ya Mwandiga mshale uko katikati na unakaa hapo mpaka Kasulu. Hata kwenye kilima na mzigo haujapanda. Kontrol boksi ni ile ile.

Fundi, ukipita Kigoma nitafute humu, migebuka yako ipo.